Sura ya 7: Kioo Kikivunjika

Mlango wa kioo utakaoweka nyumbani kwako huenda ukakaa miaka 20 bila kupata hata mkwaruzo. Huenda pia ukavunjwa Jumamosi ijayo na mpira wa mtoto, na upepo wa kusi uliobamiza ubao wake, au na fundi rangi aliyegeuka na ngazi begani. Hakuna muuza vioo anayeweza kukuahidi kwamba hilo halitatokea. Anachoweza kukuahidi, ukimuuliza mapema, ni namna kioo hicho kitakavyovunjika. Kuna kioo kinachoanguka kwa vipande virefu vyenye makali, kuna kinachosambaratika kuwa punje ndogo, na kuna kinachopasuka huku kikibaki kimesimama ndani ya fremu. Kuuchagulia mlango kioo ni kuchagua mojawapo ya hayo matatu, na uchaguzi huo hufanywa kabla kioo hakijakatwa.

Nyumba zetu zilipojengwa zamani, swali hili halikuwa zito sana. Mlango ulikuwa wa mbao ya mninga au mvule, na dirisha lilikuwa la luva, juu ya usawa wa kiuno, nyuma ya nondo. Leo anayekarabati nyumba Tabata, Nyali au Ruaka hubomoa ukuta wa sebule unaotazama baraza na kuweka mlango mpana wa alumini wa kuteleza. Pembeni mwa mlango mkubwa anaongeza mapande mawili ya kioo ili mwanga uingie. Bafuni anaondoa pazia la plastiki na kusimamisha ukuta wa kioo. Kioo kimeshuka kutoka kiunoni hadi sakafuni, mahali ambapo goti la mtoto, kisigino cha mgeni na ndoo ya kudekia hupita kila siku. Kinachotisha ni kwamba mara nyingi kinachoshushwa ni kioo kilekile cha dirisha.

Ukikaa nusu saa kwenye karakana ya alumini utasikia wateja wakiuliza rangi, bei na unene. Akitokea mama mmoja akauliza, "Fundi, kioo hiki ni cha aina gani?", jibu la kawaida ni, "Hiki kigumu, mama, ni milimita 6." Fundi hakusema uongo, lakini amejibu swali jingine. Unene haukuambii kioo kitavunjika vipi.

Vioo vitatu vinavyofanana

Kioo cha kwanza ni cha kawaida. Karibu kila kioo bapa duniani leo hutengenezwa kwa njia iliyotangazwa mwaka 1959 na kampuni ya Pilkington ya mji wa St Helens, Uingereza. Ujiuji wa kioo humiminwa juu ya madini ya bati yaliyoyeyushwa, ukaelea, ukajitandaza wenyewe na kutoka ukiwa laini pande zote mbili bila kuhitaji kusuguliwa. Kiwanda cha Sapphire kilichozinduliwa Mkuranga, mkoani Pwani, mwaka 2023, kinafuata njia hiyohiyo. Baada ya hapo kioo hupoozwa polepole, na upole huo ndio unaomwezesha fundi kukikwaruza kwa kikatio chenye gurudumu dogo na kukimega apendavyo.

Wepesi wa kumegeka una gharama yake. Ufa ukishaanza hukimbia mbali, na kioo huachana kwa mapande marefu yenye ncha na makali. Mtu akikigonga kwa mkono au kwa paja, kiungo hupenya kwanza, kisha kipande cha juu kilichobaki kikining'inia kwenye fremu humdondokea. Wengi huumia mara ya pili kwa kuuvuta mkono kwa haraka. Kifundo cha mkono, kwapa na paja vina mishipa mikubwa ya damu iliyo karibu na ngozi, kwa hiyo jeraha la hapo linaweza kuondoa uhai ndani ya dakika chache.

Kioo cha pili mafundi hukiita cha tempa. Huanza kikiwa kioo cha kawaida. Hukatwa kwa kipimo kamili, hutobolewa matundu ya kitasa na bawaba, kingo zake husuguliwa, kisha huingizwa kwenye tanuri hadi kipite nyuzi joto 600 za Selsiasi. Kikitoka hupulizwa hewa baridi kwa nguvu pande zote mbili. Uso wa nje hukakamaa mara moja wakati tumbo lake bado lina moto. Tumbo linapopoa baadaye na kutaka kusinyaa, linauvuta uso ambao tayari umeganda. Matokeo yake, uso hubaki umebanwa na tumbo hubaki limevutwa, na hali hiyo haiishi muda wote wa maisha ya kioo. Ili ufa uanze, lazima kwanza pigo lishinde ule mbano wa usoni. Ndiyo maana kioo hiki hustahimili takriban mara nne hadi tano ya kioo cha kawaida cha unene uleule.

Ufa ukifika tumboni, nguvu yote iliyofungwa humo hufunguka mara moja na kioo kizima humwagika kama punje. Kiwango cha Ulaya cha EN 12150 kinataka zihesabiwe: katika mraba wenye milimita 50 kila upande, kioo cha kati ya milimita 4 na 12 lazima kitoe vipande visivyopungua 40. Punje hizo zinaweza kukuchuna, lakini hazina urefu wala uzito wa kukata mshipa. Wazo lenyewe si geni. Mfaransa François Barthélemy Alfred Royer de la Bastie alipata hataza yake mwaka 1874, wakati huo akizamisha kioo cha moto ndani ya mafuta badala ya kukipuliza.

Kioo cha tatu ni cha lamineti: vioo viwili vilivyogandishwa pamoja kwa utando wa plastiki katikati. Mwaka 1903 mkemia wa Ufaransa, Édouard Bénédictus, aliangusha chupa ya maabara akaona imepasuka bila kutawanyika. Ndani yake kulikuwa na dawa ya nitrati ya selulosi iliyokauka na kuacha utando. Mwaka 1909 alisajili hataza ya kioo chenye utando. Utando wa siku hizi ni plastiki ngumu inayonyumbuka, na ukisikia kioo cha milimita 6.38, hesabu yake ni kioo cha 3, kingine cha 3, na utando wa 0.38. Kikigongwa kinapasuka kama cha kawaida, ila vipande vyake hubaki vimeshikamana na utando.

Huhitaji maabara kuona tofauti hii. Kioo cha mbele cha daladala au matatu ni cha lamineti, ndiyo maana unaona gari lina ufa wenye matawi kama utando wa buibui na bado liko barabarani. Vioo vya ubavuni kwa kawaida ni vya tempa, na zile punje zinazong'aa kando ya lami baada ya ajali ni za vioo hivyo. Watengeneza magari walikubali zamani kwamba binadamu atagonga kioo, wakachagua namna ya kuvunjika kwa kila upande. Nyumba inastahili uangalifu huohuo.

Afrika Mashariki imelipia somo hili kwa uchungu. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuliwa katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, watu wengi wa majengo ya jirani walikuwa wamesogea madirishani kuangalia kelele za mwanzo. Mlipuko mkubwa ukaja, na vioo vya kawaida vya ofisi vikawarukia usoni. Maelfu walijeruhiwa, na wengi walipoteza macho. Sebule yako haikutani na bomu, lakini ukweli uliojitokeza siku ile ni uleule: kioo kinachotawanyika kinaweza kudhuru kuliko pigo lililokivunja.

Vinavyoonekana salama na visivyo salama

Kuna vioo vitano ambavyo wenye nyumba huviamini bila sababu.

Cha kwanza ni kioo chenye wavu wa waya ndani, kama kile cha milango ya shule na ofisi za zamani. Waya ule uliwekwa kwa ajili ya moto, ili kioo kilichopasuka kwa joto kisidondoke na kuacha njia kwa moshi na ndimi za moto. Mtu akikigonga, kinavunjika kwa urahisi zaidi kuliko kioo kitupu cha unene huohuo, na ncha za waya husubiri mkono wake. Marekani, baada ya wanafunzi kuumia kwenye milango ya aina hii, kanuni za ujenzi zilibanwa miaka ya 2000. Ukikikuta kwenye nyumba unayokarabati, kiwe cha kwanza kuondoka.

Cha pili ni kioo kinene. Kila milimita moja ya unene ina uzito wa kilo 2.5 kwa mita ya mraba. Kioo cha kawaida cha milimita 10 kina kilo 25 kwa kila mita ya mraba, na kikivunjika, uzito wote huo unashuka na makali yake. Unene umekisaidia kusimama dhidi ya upepo, lakini haukugeuza tabia yake.

Cha tatu ni kioo cha rangi, cha maua au kilichopigwa mchanga. Urembo wa uso hauongezi usalama hata kidogo. Kioo cheusi kina tatizo la ziada katika jua letu: hunyonya joto, na sehemu iliyojificha ndani ya fremu au kivulini hubaki baridi. Tofauti ya nyuzi 40 hivi yatosha kukipasua kioo cha kawaida bila mtu kukigusa. Cha tempa huvumilia tofauti ya hadi nyuzi 200 hivi. Kwa hiyo ukitaka pande kubwa jeusi linalotazama magharibi, tempa inakuwa lazima hata kama hakuna mtoto nyumbani.

Cha nne ni kioo cha kujitazamia kwenye milango ya kabati la nguo. Ni mlango wa kioo kama mwingine, unavutwa kila asubuhi, unafika sakafuni, na mara nyingi ni kioo cha kawaida kilichopakwa fedha mgongoni. Agiza chenye utando wa kushikilia vipande mgongoni, au utando huo ubandikwe kabla hakijafungwa.

Cha tano ni kile kilichopashwa moto na kupoozwa taratibu kiasi, ambacho wauzaji wengine hukiita nusu tempa. Kina nguvu takriban mara mbili ya kioo cha kawaida, lakini kikivunjika hutoa mapande makubwa. Kikiwa peke yake, hakihesabiwi kuwa kioo cha usalama.

Ipitie nyumba na futi kamba

Kabla ya kwenda karakana, ipitie nyumba yako chumba kwa chumba. Mwongozo wa ujenzi wa Uingereza una vipimo vitatu rahisi vinavyofaa popote, kwa sababu vinatokana na mwili wa binadamu. Kioo chochote ukutani kilicho chini ya milimita 800 kutoka sakafuni kiwe cha usalama, kwani hapo ndipo mtoto mdogo anapoangukia. Kioo chochote ndani ya mlango kilicho chini ya milimita 1500 kiwe cha usalama, kwani hapo ndipo mkono, bega na goti husukuma. Na pande la kioo lililo ndani ya milimita 300 kutoka ukingo wa mlango lifuate sharti la mlango wenyewe, kwa kuwa mtu mwenye haraka au aliye gizani hulidhania kuwa mlango.

Anza na mlango mkuu. Hapa mchango wa lamineti ni wa namna mbili: inalinda mwili na inamchelewesha mwizi. Tempa ina nguvu dhidi ya pigo pana, lakini ncha ngumu ikiupata ukingo wake, kioo kizima hushuka mara moja na njia inakuwa wazi. Lamineti ikipasuliwa, mwizi bado ana utando wa kupambana nao, na kelele zake zinaongezeka. Wengine huchanganya vyote viwili: tabaka mbili za tempa zenye utando katikati. Ni ghali, lakini kwa mlango wa barabarani usio na grili ni chaguo zuri.

Mlango wa kuteleza wa baraza ndio unaogongwa zaidi, tena na watu wazima. Ukisafishwa vizuri na nje kukiwa na mwanga, hauonekani. Tempa inafaa hapa, pamoja na alama. Mwongozo huohuo unashauri alama ziwekwe katika mikanda miwili: kati ya milimita 850 na 1000 kutoka sakafuni kwa ajili ya macho ya watoto, na kati ya 1400 na 1600 kwa ajili ya watu wazima. Nakshi ya dirisha la Lamu iliyochorwa kwa mchanga hutimiza kazi hiyo kwa uzuri kuliko kipande cha karatasi, mradi ionekane mchana na usiku.

Bafuni miguu ina sabuni na hakuna cha kushika. Ukuta wa kioo wa kuogea usio na fremu uwe wa tempa wa milimita 8 au 10, na usikubali kitu kingine. Mlango wa milimita 10 wenye upana wa sentimita 80 na urefu wa mita 2 una kilo 40, kwa hiyo bawaba ziwe za uzito huo na zifungwe kwenye ukuta imara, kwani tofali tupu la ndani halizishiki. Anayeishi karibu na bahari achague bawaba za chuma cha pua cha daraja 316. Lile la 304 huanza kutoa madoa ya kutu kwa chumvi ya hewani.

Ngazi na roshani zina sheria zake. Kioo kinachotumika kama kizuizi cha kuanguka hakipaswi kuwa tempa peke yake, kwa sababu siku kitakapovunjika kitatoweka chote na kuacha pengo mbele ya anayeegemea. Hapo weka lamineti, au tempa iliyolaminetiwa. Ndivyo ilivyo kwa kioo kilicho juu ya kichwa, kama cha paa la baraza. Punje za tempa zikishuka kutoka mita tatu mara nyingi huja zimeshikamana kwa mabonge, na bonge la kioo lina uzito.

Kwa chumba cha kulala, fikiria moto kabla ya mwizi. Lamineti ni ngumu kuvunja hata kwa anayetaka kujiokoa. Kama dirisha la chumba hicho ndilo njia ya pekee ya kutokea, lazima ubao wake ufunguke kikamilifu na grili iwe na mlango unaofunguliwa kwa ndani, na ufunguo ukae mahali ambapo kila mwanafamilia anapajua.

Kuagiza bila kupoteza fedha

Tempa haikatwi tena. Haitobolewi, haisuguliwi ukingo, haipunguzwi hata milimita mbili. Ukijaribu, inamwagika. Hili ndilo linalofanya mpangilio wa kazi uwe muhimu kuliko majadiliano ya bei. Plasta imalizike, vigae vya sakafu vilazwe, fremu ifungwe na kunyooshwa, ndipo vipimo vichukuliwe. Pima upana juu, katikati na chini; pima urefu kushoto, katikati na kulia; kisha pima mishazari yote miwili kuhakikisha fremu iko mraba. Chora kwenye karatasi mahali pa kitasa, bawaba na kila tundu, na kubaliana na fundi kwa maandishi nani atalipa kipimo kikikosewa. Anayeagiza tempa kabla ya vigae kulazwa anaweza kujikuta na mlango usioingia na usioweza kupunguzwa.

Kioo kikifika, tafuta muhuri kwenye kona. Kioo cha tempa kilichotengenezwa kwa utaratibu huwa na alama isiyofutika, iliyochomwa au kuchorwa ndani ya uso wake, ikiwa na jina la mtengenezaji na namba ya kiwango. Kwa vioo vinavyotoka China, namba ya tempa ni GB 15763.2, ilhali lamineti ni GB 15763.3. Za Ulaya ni EN 12150 kwa tempa na EN 14449 kwa lamineti. Stika inayobanduka haitoshi, kwa kuwa inaweza kubandikwa popote. Agiza muhuri ubaki pale utakapoonekana baada ya kioo kufungwa.

Una njia mbili za kujihakikishia mwenyewe. Kwa tempa, vaa miwani ya jua ya polaroidi na ukitazame kioo kwa upande wakati mwanga wa anga unaakisi juu yake. Utaona madoa au mistari ya kivuli iliyoachwa na hewa ya kupoozea. Kwa lamineti, tazama ukingo kabla haujaingia kwenye fremu: mstari mwembamba wa utando utaonekana katikati ya vioo viwili. Usikubali jaribio la kukwaruza wala la kugonga kwa nyundo. Pamoja na ushujaa wake wote, tempa ina udhaifu kwenye kona na kingo, na kioo kilichojeruhiwa leo kinaweza kumwagika mwezi ujao.

Udhaifu huohuo uongoze ubebaji na ufungaji. Kioo kisafirishwe kikiwa kimesimama, kona zake zikiwa zimefunikwa, na kisiwekwe moja kwa moja juu ya zege au kigae. Ndani ya fremu kikalie vipande vya raba au plastiki, kisiguse chuma wala skrubu mahali popote. Kwa lamineti epuka silikoni yenye harufu kali ya siki, kwa sababu asidi yake huweza kuula utando kutoka ukingoni; tumia ile isiyo na asidi. Chini ya fremu ya mlango wa nje pawe na matundu ya kutolea maji, maana lamineti inayolala ndani ya maji huanza kuachana tabaka na kuweka ukungu mweupe pembezoni.

Kuna jambo moja ambalo muuzaji mwaminifu atakuambia. Mara chache, ndani ya kioo cha tempa hubaki chembe ndogo sana ya salfidi ya nikeli. Chembe hiyo hukua polepole kwa miaka, na siku moja kioo humwagika bila kuguswa. Kwa kioo cha juu au cha ghorofani, uliza kama kimepitishwa kwenye tanuri ya majaribio, ambayo hukipasha joto kwa saa kadhaa ili chenye kasoro kivunjike kiwandani. Nambari yake ya Ulaya ni EN 14179.

Fedha zikiwa chache

Tempa ni ghali kuliko kioo cha kawaida, na lamineti mara nyingi ni ghali zaidi. Si lazima nyumba nzima ibadilishwe kwa mkupuo. Weka kioo cha usalama kwanza bafuni, kisha mlango wa kuteleza, kisha mapande ya pembeni mwa mlango mkuu, kisha madirisha ya chini. Madirisha ya juu, yaliyo zaidi ya milimita 800 na mbali na milango, yanaweza kubaki na kioo cha kawaida bila dhambi.

Usanifu pia huokoa fedha. Mlango ukigawanywa kwa kipande cha alumini katikati, sehemu ya chini ikajazwa paneli ya alumini au mbao, na kioo kikaanzia juu, umepunguza hatari na gharama kwa pamoja. Nguzo ya kushika iliyofungwa kwa uthabiti mbele ya dirisha la chini huzuia mwili kukifikia kioo. Chungu cha maua au benchi zito mbele ya pande la pembeni huwazuia watu kulidhania kuwa mlango.

Kwa kioo cha kawaida ambacho tayari kipo na hakiwezi kubadilishwa leo, bandika utando wa usalama, ule mnene uliotengenezwa kushikilia vipande. Ule mwembamba wa kupunguza jua pekee haufanyi kazi hiyo. Utando ufunike kioo chote hadi pembezoni, na uwekwe na fundi anayeujua, kwa kuwa viputo vya hewa na vumbi hupunguza mshiko. Ukiwa mpangaji, hii ndiyo hatua unayoweza kuchukua bila kusubiri mwenye nyumba.

Kikishavunjika

Watoe watoto na wanyama kwanza. Vaa viatu vyenye soli ngumu na glavu nene, na usivute vipande vilivyobaki kwenye fremu ukiwa umesimama chini yake. Punje za tempa huruka mbali na kujificha kwenye zulia na chini ya makochi, kwa hiyo fagia chumba kizima, kisha pitisha kitambaa kilicholowa na ukitupe.

Mtu akikatwa na damu ikatiririka, bonyeza jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, inua kiungo, na umpeleke hospitali ukiwa bado unabonyeza. Kipande cha kioo kilichozama ndani ya mwili usikitoe; kinaweza kuwa ndicho kinachozuia damu. Bonyeza pembeni mwake, na umwachie daktari akitoe.

Andika kabla ya kulipa

Karatasi ya makadirio utakayoletewa huenda itasema tu "mlango wa alumini na kioo milimita 6". Irudishe. Kwa kila mlango na kila pande, iandikwe aina ya kioo, unene, namba ya kiwango, mahali pa muhuri, aina ya bawaba, na kwamba kisicho na muhuri kitarudishwa bila malipo. Fundi mzuri hatakasirika, kwa sababu karatasi hiyo inamlinda naye siku mwenye nyumba atakapodai alichoagiza ni kingine.

Anayechagua kioo mara nyingi siye atakayekigonga. Atakigonga mtoto anayejifunza kutembea, bibi aliyetoka kijijini asiyeuzoea mlango usioonekana, dada wa kazi anayedeki sakafu asubuhi, au mpangaji utakayemkabidhi nyumba miaka kumi ijayo. Hakuna hata mmoja wao atakayekuwepo karakanani siku unapokubaliana na fundi. Ulizia aina ya kioo kwa niaba yao, na usilipe hata shilingi ya mwanzo kabla jibu halijaandikwa.